Ndiyo si njia

Zihalirwa alishuka kutoka Kadutu kwa miguu,
ngazi za udongo bado zinateleza kwa mvua ya alfajiri,
akaweka karatasi juu ya meza yangu:
zamu tatu za usiku, watoto kumi na mmoja,
na folda ya maternite tupu kama sahani ya jana.
"Mashine haikulalamika," alisema.
"Ilinionyesha alama ya kijani. Nikaizima, nikaenda kulala."

Nikafungua msimbo nilioandika mwenyewe mwaka jana,
kwa haraka, betri imebaki mstari mmoja.
Mahali pa kuuliza *nihifadhi wapi?*
fomu ilikuwa imeleta jibu la swali jingine,
*nakala itunzwe?*
Ndiyo.
Na katika lugha hii ya mashine, ukiichimba mpaka chini,
ndiyo ni moja iliyovaa koti,
na moja, kwake, ni mlango uliokwisha kufunguliwa,
mlango wa skrini.
Basi ikaandika. Kwa utiifu wote ikaandika
uzito, saa, jina la mama, jina la mtaa,
ikavimwaga kwenye kioo cheusi nyuma ya dirisha
ambalo hakuna aliyekuwa akilitazama,
ikarudi na alama yake ya kijani.

Watu wa namna hiyo nawajua. Bukavu yote inawajua.
Unapanda Kadutu, nyumba hazina namba,
unauliza kwa M'Rukomeza, yule muuza makala,
na kijana aliyekalia tofali anajibu:
ndiyo, ndiyo, panda tu.
Hamjui. Hajawahi kumsikia.
Ila kumwambia mgeni *sijui* anaona ni kumfungia mlango,
kwa hiyo anakupa heshima, na heshima inakupandisha
hadi nyumba zinapoishia,
gunia la unga begani, giza linaingia.

Mimi nilikuwa kijana wa kwenye tofali.
Nilidhani upole ni kupokea kila kitu,
namba, orodha, utupu, neno lenye nafasi iliyojificha mkiani,
pita, karibu, pita.
Na mambo yakiharibika nilikuwa na sentensi moja
kwa misiba yote:
*Kosa limetokea.*
Kama mtu anayepiga hodi saa nane za usiku,
anasema "kuna aliyekufa," anaondoka.

Umeme ulirudi saa nne. Nikakaa.
Sasa mlangoni yupo anayeuliza kabla viatu havijavuliwa:
wewe ni njia, au unafanana na njia?
Ndiyo, hapana, moja, sufuri, rudini.
Utupu, rudi, na useme ulikotoka.
Maneno ya kukataa niliyaandika mara saba,
nikimsomea Zihalirwa kwa simu, yeye akinikatiza:
"Thamani batili? Huo ni ugonjwa gani?
Sema na mimi."
Mpaka yakawa hivi:

    Sikuhifadhi kitu.
    Nilisubiri njia ya faili, nikapewa "ndiyo".
    Imetoka kisanduku cha pili, fomu ya uzazi.
    Andika mahali, kwa mfano: uzazi/kadutu/machi
    Ulichojaza bado kipo hapa. Usizime.

Mstari wa kwanza ni wake.
Mimi ningeuweka mwisho, kwa aibu.

Wiki ile ile alinipigia kunigombeza,
programu imeota mdomo, inamkatalia hata daktari.
Nikamuuliza: inasema uongo?
Akanyamaza. Nikasikia mtoto analia nyuma yake,
kisha vidole, polepole, juu ya vitufe.

Wale kumi na mmoja, tisa tuliwatoa
katika daftari lake la karatasi, lenye doa la iodini.
Wawili hakuwaandika; usiku ule alikuwa peke yake
na taa ya simu mdomoni.
Mmoja wa kike, anakumbuka, nywele nyingi.
Mama yake alisema anakaa juu ya soko,
"fikeni tu, mtauliza."

Jumamosi tunapanda, mimi na yeye, kalamu mbili.
Wa kwanza atakayetuambia *sijui*
nitamnunulia soda.